Nani Aliyempaka Dinosau Rangi ya Kijani?

Hakuna mwanadamu aliyewahi kumwona dinosau akiwa hai. Tukiwaacha ndege, ambao wataalamu wanatuambia ni kizazi chao, dinosau wa mwisho walitoweka miaka ipatayo milioni 66 iliyopita. Hata hivyo, mwulize mtoto wa shule ya msingi mjini Kitui au Wote dinosau alikuwa wa rangi gani, naye huenda akakujibu pasipo kusita: kijani. Amejuaje? Amejua kwa kuwa sanamu ya plastiki aliyoiona sokoni ilikuwa ya kijani, na picha iliyochapishwa kwenye jalada la daftari ilikuwa ya kijani pia. Ameipokea rangi hiyo kama alivyopokea jedwali la kuzidisha. Hakuna aliyemwambia kwamba ni maoni tu ya mtu fulani, aliyeketi katika kiwanda fulani, akachagua kopo lililokuwa karibu naye.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaokusanya sanamu ndogo za dinosau kama wengine wanavyokusanya stempu. Hununua sanamu za Schleich ya Ujerumani, Papo ya Ufaransa, Safari Ltd ya Marekani na nyinginezo. Wakusanyaji hao wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huihifadhi sanamu kama ilivyotoka kiwandani, wala hawataki hata vumbi liiguse. Kundi la pili huitwaa sanamu iyo hiyo, wakaisugua, wakaikunja miguu, wakaiongezea manyoya na kuipaka rangi upya toka kichwani hadi mkiani. Wa kwanza huwaona wa pili kuwa waharibifu, kwa maana sanamu iliyoguswa hupoteza thamani yake ya dukani.

Mimi leo nasimama upande wa waharibifu. Naamini kwamba anayempaka dinosau rangi upya, akiifanya kazi hiyo kwa makini, anafanya jambo ambalo shule zetu zimekuwa zikishindwa kulifanya kwa miaka mingi: anakataa kuipokea elimu kama bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, na anadai ushahidi. Naamini pia kwamba hakuna mahali katika Kenya ambapo kazi hiyo ingestahili kufanyika zaidi ya Ukambani, katika shule za Kitui na Makueni. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Sanamu nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa plastiki laini ya PVC. Fundi huanza kwa kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana hutoka kiwandani ikiwa na mafuta yanayozuia rangi kushika. Kisha huukwangua ule mshono unaozunguka mwili, mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana, kwa kisu na msasa mwembamba. Ikiwa mguu umekaa vibaya, huutumbukiza katika maji ya moto hadi ulainike, akaukunja atakavyo, kisha akauzamisha katika maji baridi ili ugande. Penye upungufu, kama vile upanga wa mgongoni au kidole kilichosahauliwa, huongeza kwa gundi ya kukanda ya sehemu mbili, ile ambayo mafundi wetu huzibia matangi yanayovuja.

Hapo ndipo rangi huanza. Hupakwa rangi ya msingi, nyembamba sana, isije ikafunika magamba. Juu yake hufuata rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikisubiriwa kukauka. Rangi za mafuta na za kupuliza zenye vimumunyisho vikali huepukwa, kwa sababu mara nyingi hukataa kukauka juu ya plastiki hiyo, zikabaki zinanata kwa miezi. Baadaye fundi humwaga juu ya mwili rangi nyeusi au ya kahawia iliyokuwa maji matupu, ikashuka na kutulia katika mikunjo ya ngozi; na kwa brashi iliyo karibu kukauka hugusa vilele vya magamba kwa rangi nyepesi zaidi. Mwisho hufunika kazi yote kwa vanishi isiyong'aa. Kilichokuwa mchezo wa mtoto sasa kina uzito na kivuli. Kinatazama.

Lakini ustadi wa mkono ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni swali: rangi gani, na kwa nini? Hapa fundi hana budi kuwa mwanafunzi. Historia yenyewe imemwonya asiamini sanamu kwa sababu tu ni sanamu. Mwaka 1854, katika bustani ya Crystal Palace jijini London, msanii Benjamin Waterhouse Hawkins alisimamisha sanamu kubwa za wanyama wa kale. Iguanodon wake alikuwa na pembe juu ya pua kama kifaru. Baadaye ilibainika kwamba ile haikuwa pembe hata kidogo, bali mfupa wa kidole gumba. Sanamu hizo zingalipo, nazo zinatufundisha kuliko kama zingekuwa sahihi. Vivyo hivyo filamu maarufu ya mwaka 1993, Jurassic Park, iliujaza ulimwengu sanamu za Velociraptor mwenye ngozi tupu na kimo cha mtu. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba mfupa wa mkono wa Velociraptor uliopatikana Mongolia ulikuwa na vinundu ambamo manyoya hushikamana, kama ulivyo mfupa wa bawa la ndege. Mnyama mwenyewe alikuwa na ukubwa wa bata mzinga.

Na rangi je? Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rangi haitajulikana kamwe. Kisha, kuanzia mwaka 2008, ilionekana kwamba katika manyoya yaliyogeuka visukuku vimebaki vijifuko vidogo mno, viitwavyo melanosomu, ambavyo katika mnyama aliye hai hubeba rangi nyeusi, ya kijivu na ya hudhurungi. Umbo la kijifuko hudokeza rangi yake. Mwaka 2010 wataalamu walieleza kwamba Sinosauropteryx, dinosau mdogo wa China, alikuwa na mkia wenye pete za hudhurungi na nyeupe. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba Microraptor alikuwa mweusi wa kumetameta kama kunguru juani. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Psittacosaurus, aliyekuwa na mgongo wa rangi nzito na tumbo la rangi nyepesi. Mwaka 2017 likatangazwa jina la Borealopelta, mnyama wa Kanada aliyevaa magamba kama ngao, aliyekadiriwa kuwa na kilo 1,300. Ngozi yake ilionyesha wekundu wa kahawia, mzito juu na hafifu chini. Fikiri, msomaji: mnyama mzito kama yule, mwenye silaha mwilini, bado alihitaji kujificha. Basi aliyekuwa akimwinda alikuwa wa kutisha kweli.

Na kijani chetu? Rangi za kijani na manjano, kwa wanyama wengi, hutokana na vitu ambavyo kwa kawaida havidumu katika visukuku. Kwa hiyo dinosau wa kijani hajathibitishwa kuwa uongo. Wala hajathibitishwa kuwa kweli. Ni dhana. Na dhana si dhambi, mradi mwenye nayo ajue kwamba ni dhana.

Sasa turudi nyumbani. Mwanafunzi wa Kitui au Makueni akichimba kisima, hatakuta mfupa wa dinosau. Miamba mingi iliyo chini ya miguu yake ni ya kale mno, iliyopikwa na kukandamizwa ardhini mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya dinosau wa kwanza kuzaliwa. Na pale ambapo miamba ni michanga, imechelewa: lava iliyofanya uwanda wa Yatta ilitiririka miaka ipatayo milioni 13 iliyopita, na vilima vya Chyulu ni vya juzi tu kwa hesabu ya ardhi. Baina ya umri huo na ule, enzi nzima ya dinosau imepita bila kuacha ukurasa hapa. Ndiyo sababu kwa mtoto wa Ukambani dinosau ni mgeni aliyekuja kwa njia ya soko, ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ni mwenyeji gani huyu? Ni mtu wa jamii iliyokuwa ikinakshi viti vya wazee vya miguu mitatu kwa nyaya za shaba, kabla mtalii wa kwanza hajafika. Ni mtoto wa mama anayejua kuuchovya mkonge katika rangi ya magome na mizizi, akasuka kiondo ambacho mistari yake haikosei hesabu. Ni mjukuu wa wachongaji. Sifa ya kuanzisha uchongaji wa biashara Ukambani hupewa Mutisya Munge wa Wamunyu, kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Inasimuliwa kwamba alipokuwa katika Vita Kuu ya Kwanza, huko ambako leo ni Tanzania, alijifunza ufundi huo kwa wachongaji wenyeji, akarudi nao nyumbani. Kutoka Wamunyu ufundi ukaenea Ukambani, ukafika Nairobi na Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa historia aliweke ubaoni. Miaka michache kabla ya vita hivyo, katika koloni lilo hilo la Wajerumani, wataalamu kutoka Berlin walikuwa wakichimba mifupa ya dinosau katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Kazi hiyo ilifanyika kati ya mwaka 1909 na 1913. Wenyeji kwa mamia walichimba, na msimamizi wao mmoja aliyekumbukwa kwa jina ni Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mizigo ya mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Leo katika jumba la makumbusho la Berlin amesimama Giraffatitan, aliyesimikwa mara ya kwanza mwaka 1937, akiwa na urefu wa mita 13 na zaidi toka sakafuni hadi utosini. Jina lake lina maana ya twiga jitu.

Basi kutoka nchi moja, katika muda wa miaka isiyozidi 10, vilitoka vitu viwili. Mifupa ilikwenda Berlin. Ufundi wa kuchonga wanyama ulikuja Wamunyu. Kwa zaidi ya karne moja vitu hivi viwili havijakutana. Wenye mifupa walitengeneza maarifa, maarifa yakageuka vitabu na sanamu za plastiki, na sanamu hizo sasa zinauzwa kwa mjukuu wa mchongaji, ambaye anaambiwa: pokea, rangi yake ni hii. Je, si wakati sasa mikono iliyobaki na ufundi ikutane na maswali yaliyokwenda na mifupa?

Nimesimama mara nyingi mbele ya meza za wachongaji wetu. Nimeona twiga aliyechongwa kwa tezo na patasi, akalainishwa kwa msasa, mabaka yake yakachomwa kwa chuma cha moto, mwili ukasuguliwa kwa rangi ya viatu hadi ukang'aa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini pembeni yake wamepangwa twiga wengine arobaini, wote sawa, kwa kuwa soko liliomba twiga yule yule. Miti nayo imechoka: muhugu na mpingo vimepungua mno, hata wachongaji wakahimizwa wageukie mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mchongaji aliyefungwa na soko hurudia. Mwanafunzi aliyefungwa na mtihani hurudia vilevile. Tofauti yao ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri.

Ndipo nasema somo la dinosau lingewafaa wote wawili. Twaa mfano wa huyo Giraffatitan. Mifupa yake ipo, lakini rangi ya ngozi yake haijulikani. Mwalimu awape wanafunzi sanamu, au wajifinyangie wenyewe kwa udongo, kisha awaambie: mpakeni rangi mtakayoweza kuitetea. Mara moja watoto watalazimika kutoka nje ya darasa na kutazama. Watamtazama mjusi wa miambani, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu ilhali jike limevaa rangi ya jiwe, na watauliza: je, dume na jike la dinosau walifanana? Watamtazama swala, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, na mwalimu atawaeleza kwamba jua huangaza mgongo na kulitia tumbo kivuli, kwa hiyo rangi hizo mbili hufutana na mnyama akawa vigumu kuonekana. Ndiyo kanuni iliyoonekana katika ngozi ya Psittacosaurus. Watawakumbuka mamba wa mto Athi, tembo wa upande wa Tsavo waliovaa vumbi jekundu la nchi, na kanga mwenye madoa. Mmoja atasema: wanyama wakubwa hawana rangi za fahari, kama tembo na kiboko. Mwingine atamjibu: na twiga je? Hapo somo limezaliwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba haya ni mambo ya anasa, na wazazi wa nchi kame, wanaohesabu mitungi ya maji, wamechoka kuagizwa manila na rangi kila wiki tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini somo hili halihitaji dukani. Udongo wa mfinyanzi upo, mabaki ya mbao yapo, mkaa upo, udongo mwekundu na mweupe upo, na bua la mkonge lililopondwa ncha ni brashi. Sanamu moja ya plastiki, hata iliyovunjika mguu, yatosha darasa zima kwa kulinganisha. Tahadhari zake pia ni nyepesi: vumbi la msasa lisivutwe puani, rangi ya kupuliza ipulizwe nje, na rangi kuukuu za nyumba zisitumiwe na watoto, kwani huenda zina madini ya risasi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Itasemwa kwamba tunawafundisha watoto kubuni, na sayansi si ubunifu. Jibu langu ni kwamba tuwafundishe kupambanua. Kila sanamu iwekewe karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza: tunalolijua kwa ushahidi. Ya pili: tunalolikisia, na sababu ya kukisia. Ya tatu: tulilobuni kwa sababu lilitupendeza. Mwanafunzi awezaye kuzijaza safu hizo kwa uaminifu atasoma gazeti vizuri zaidi, atamsikiliza mwanasiasa vizuri zaidi, na atamhoji mwuza dawa za barabarani vizuri zaidi. Ni watu wazima wangapi kati yetu wanaoweza kulitenga wanalolijua na wanalolipenda?

Pingamizi ya tatu haisemwi wazi, ila imo katika tabia zetu: kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa na vitabu. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Sanaa na Kazi za Mikono ilikuwa somo la kutahiniwa. Baadaye ikatolewa mtihanini, na siku ilipotoka mtihanini ilitoka pia katika ratiba za shule nyingi. Mtoto wa mchongaji akajifunza kuuficha ufundi wa baba yake kama mtu anavyoficha kiraka. Yamkini mtaala mpya umeirudisha sanaa darasani. Lakini kuirudisha kwenye ratiba si kuirudisha katika heshima. Heshima itarudi siku ambayo mchongaji wa Mwingi au wa Kibwezi ataalikwa shuleni, si kuuza vinyago, bali kufundisha jinsi misuli ya paja inavyokaa juu ya mfupa. Naye mwalimu wa sayansi akae kando yake akieleza mfupa huo umetoka wapi. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana sanamu ya Ahmed, tembo mashuhuri wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974, iliyofanywa kwa ukubwa wake halisi. Hakuna aliyedhani kwamba waliomtengeneza walikuwa wakicheza.

Kwa wanafunzi wasomao safu hii, neno langu ni fupi. Ukikutana na sanamu ya dinosau sokoni, usiidharau, wala usiiamini. Igeuze tumboni usome ilikotengenezwa. Hesabu vidole vyake. Tazama kama mkia unaburuta chini, jambo ambalo wataalamu wameliacha zamani. Kisha jiulize ungeipaka rangi gani, na ungemjibu nini mtu atakayekuuliza sababu.

Na kwa walimu wenzangu wa ubao na chaki: siku mtoto atakapokuletea Giraffatitan mwenye madoa meupe ya kanga, kalamu nyekundu iache mfukoni kwanza. Mwulize kwa nini. Akikosa jibu, mpeleke akatazame tena. Akiwa nalo, mwite mwenzake mwenye dinosau wa kijani, uwasimamishe wawili hao mbele ya darasa, kisha wewe uketi.